Kipindi cha Muziki Kina Saa Yake
Mwongozo kwa mwalimu wa shule, kutoka Chumbageni, Tanga

Huenda hukuomba kufundisha muziki. Walikuona ukiimba kwenye kwaya ya Jumapili, au walikusikia ukiongoza kasida kwenye maulidi ya mtaani, mwalimu mkuu akasema: "Mwalimu, wewe una sauti, Sanaa na Michezo utaichukua wewe." Tangu siku hiyo somo ni lako, pamoja na Hisabati ya darasa la tano na zamu ya wiki. Kabati la shule halina hata filimbi. Darasani kuna watoto sabini, pengine themanini, na dirisha la mwenzako anayefundisha Sayansi liko hatua sita kutoka ubaoni kwako.

Wanaokuhurumia watakwambia tatizo ni vifaa. Vifaa vinasaidia, lakini somo la muziki katika shule zetu huuawa na kitu kingine: halina saa yake. Kipindi hutolewa kwa Hisabati wiki ya mitihani inapokaribia. Kwaya hukumbukwa siku tatu kabla ya mgeni rasmi. Wimbo hufundishwa kwa haraka na kwa kupayuka, mgeni akiondoka kila kitu hulala hadi mahafali ya darasa la saba. Ukipewa kinanda leo katika utaratibu huo, kitaota vumbi kabla ya muhula kwisha. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuupatia muziki saa, kuilinda saa hiyo, na kuijaza vizuri. Yafuatayo yanaeleza namna.

Hesabu kwanza ulichonacho

Shule ya Chumbageni haianzi na watoto wasiojua muziki. Katika darasa moja utamkuta mtoto anayekwenda madrasa kila alasiri na anayeweza kushika mahadhi ya kasida ndefu bila kukosea. Pembeni yake ameketi anayeimba sauti ya pili kanisani na hajui kuwa inaitwa sauti ya pili. Yuko aliyekulia kwa bibi yake milimani Lushoto au Muheza na ameiona mdumange ikichezwa. Yuko ambaye mjomba wake hupiga ngoma kwenye harusi za Ngamiani. Na wote, bila kubakiza mmoja, wanaijua singeli.

Wiki ya kwanza usifundishe wimbo. Uliza maswali matatu na uandike majibu kwenye daftari: Nyumbani kwenu huimbwa nini, na nani? Umewahi kupiga chombo gani, hata kama ni debe? Wimbo gani unaweza kuimba peke yako mwanzo hadi mwisho? Ukimaliza utakuwa na majina ya wapiga dufu, ya waongozaji wa nyimbo za mchakamchaka, ya wenye sauti za juu na ya wale wasioimba kabisa. Hao ndio vifaa vyako vya mwanzo, nao wamekuja shuleni wenyewe.

Mji wenyewe una jambo la kuwaambia. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, shule ya serikali ya Wajerumani hapa Tanga ilikuwa na bendi ya wanafunzi ya matarumbeta. Baadaye bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz ziligombea mashabiki wa mji huu huu. Wilson na George Kinyonga, waliounda Simba Wanyika jijini Nairobi mwaka 1971, walianzia Jamhuri Jazz. Katika miaka ya 1960 Black Star Musical Club iliingiza magitaa ya umeme kwenye taarab, Lucky Star ikafuata, na sauti ya mwimbaji Shakila ikafika Mombasa, Nairobi na kwingineko. Waeleze watoto habari hizi kwa dakika chache. Anayeishi barabara moja na nyumba ambayo bendi ilifanyia mazoezi hataona muziki kuwa kitu cha watu wa mbali.

Ilinde saa yako

Nenda kwa mwalimu wa taaluma ukiwa na azimio la kazi lililoandikwa kamili, kama la somo lingine lolote. Usiombe kipindi kwa upole wa mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Sanaa na Michezo imo katika mtaala ulioboreshwa, nao muziki umo ndani yake. Unachodai ni ratiba ifuatwe.

Unapochagua saa, ujue mji wako. Mazoezi ya alasiri yanagongana na madrasa, na mzazi akilazimishwa kuchagua, atachagua madrasa. Ijumaa adhuhuri usipange kitu. Jumamosi na Jumapili zina ratiba za makanisa na za nyumbani. Saa nzuri ni ya asubuhi, au kipindi cha mwisho kabla ya mapumziko, kwa sababu sauti ikizidi kidogo kengele inakuja kukuokoa.

Kisha kaa na mwalimu wa darasa la jirani mkubaliane. Mwambie siku gani mtapiga ngoma na siku gani mtaimba kwa sauti ya chini. Kama shule ina mwembe au mkungu wenye kivuli, siku za ngoma zihamie huko. Malalamiko mengi dhidi ya somo la muziki ni malalamiko ya kelele, nayo humalizwa kwa mazungumzo ya dakika tano kabla hayajafika ofisini.

Pamoja na kipindi rasmi, jipatie dakika kumi za kila siku. Mchakamchaka upo tayari, wanafunzi wanakimbia na kuitikia. Badala ya kuuacha uwe makelele, mpe kiranja wimbo mmoja wa wiki, hakikisha mapigo ya miguu yanalingana na mapigo ya wimbo, na wafundishe waitikiaji kumaliza pamoja. Dakika kumi za kila asubuhi zitakupa kwaya bora kuliko saa mbili za Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Kipindi cha dakika arobaini

Gawa hivi, angalau kwa muhula wa kwanza:

Dakika 5, mwili na pumzi. Wasimame, miguu ipanuke kidogo, mabega yashuke. Wavute pumzi tumbo lijae, kisha waitoe kwa "sss" taratibu huku ukihesabu hadi kumi. Wiki zijazo hesabu hadi kumi na tano.

Dakika 5, mapigo. Wewe piga makofi, wao warudie. Anza na mapigo manne, ongeza.

Dakika 15, wimbo mpya au sehemu ngumu ya wimbo wa wiki iliyopita.

Dakika 10, kazi ya makundi.

Dakika 5, wimbo wanaoujua vizuri. Wamalize kwa kitu wanachokiweza, watoke wakiimba koridoni.

Kwa darasa la watoto themanini, gawa makundi manne kwa mistari ya madawati. Kundi moja linaimba, la pili linapiga mapigo, la tatu linaitikia kiitikio, la nne linasikiliza. Wasikilizaji wape kazi ya kweli: neno gani halikusikika? Nani aliwahi kabla ya wenzake? Baada ya muda badilisheni zamu. Mtoto anayesikiliza akiwa na swali kichwani anajifunza sawa na anayeimba, na kelele zinapungua kwa robo.

Mkubaliane ishara mbili za mkono: ngumi ni kimya, kiganja kinachoshuka ni sauti ya chini. Zitumie kila siku hadi usihitaji kupaza sauti. Na usimwadhibu mtoto kwa kumwimbisha peke yake mbele ya darasa. Atauchukia muziki na adhabu kwa pamoja.

Kila kipindi sikiliza wanafunzi watano, wakiwa wawili wawili au watatu watatu, na uandike neno moja moja kwenye daftari. Darasa la themanini litamalizika kwa vipindi kumi na sita, na mwisho wake utakuwa umemsikia kila mtoto. Ni wachache wanaoweza kusema hivyo kuhusu somo lolote.

Wimbo mpya, hatua kwa hatua

Imba wewe kwanza wimbo wote, mara mbili, watoto wakiwa kimya. Mara ya pili waulize swali kuhusu maneno yake. Kisha fundisha kiitikio, kwa sababu hapo kila mtu anaweza kuingia siku ileile. Baadaye leta ubeti, mstari mmoja mmoja: imba, warudie, unganisha mistari miwili, unganisha minne. Maneno yaandikwe ubaoni baada ya sikio kushika mahadhi, maana wakiyaona mapema watasoma badala ya kusikiliza.

Kosa linaloharibu nyimbo nyingi ni mahali pa kuanzia. Mwalimu wa kiume huanza kwa sauti inayomfaa yeye, watoto wanazama chini na kunguruma. Mwingine huanza juu mno, na kufika katikati wanapiga kelele. Sauti ya mtoto wa darasa la tatu hadi la saba hukaa vizuri kuanzia do ya katikati ya kinanda hadi do ya juu yake. Wa darasa la kwanza na la pili wape eneo dogo zaidi, noti tano au sita. Simu yako inaweza kupakua programu ya kinanda bila malipo. Bonyeza noti, wape watoto, ndipo muanze. Kabla ya siku ya kuimba hadharani, tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo na ujaribu kama watoto wanaifikia bila kukunja shingo. Kama hawafiki, shusha mwanzo.

Ukiwa mwanamume, imba kwa sauti nyepesi ya juu, au chagua mwanafunzi mwenye sikio zuri awe mwongozaji, nawe uwe mwelekezaji.

Atakuwepo mtoto anayebaki kwenye noti moja huku wenzake wakipanda na kushuka. Usimwambie anyamaze. Mfuate alipo: imba noti yake, aisikie inafanana na yako, halafu mvute juu hatua moja, kisha nyingine. Wengi wao hawajawahi kulinganisha sauti yao na ya mtu mwingine, na wiki chache za mazoezi huwatoa. Wavulana wa darasa la sita, la saba na wa kidato cha kwanza ni habari nyingine. Sauti zao zinavunjika. Wape noti chache za chini au kazi ya mapigo, na waeleze mbele ya wote kuwa ni jambo la ukuaji, ili mtu asichekwe.

Mapigo kutoka kwenye ushairi wetu

Vitabu vingi vya muziki huanza na alama za noti. Wewe una njia fupi. Mtoto wa Kiswahili anajua kugawa neno kwa silabi tangu darasa la kwanza, nao ushairi wetu umejengwa kwa mizani. Tumo katika nchi ya Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na mji huu mwaka 1909, na mashairi yake yamo kwenye vitabu vya shule. Mizani nane za utenzi zinaingia sawasawa katika mapigo manne, mizani mbili kwa pigo moja.

Tungeni ubeti wenu. Huu hapa wa kuanzia:

Tanga mji wa bandari,
na upepo wa bahari,
watoto tuko tayari,
tuimbe sote pamoja.

Hesabuni kwa vidole: Ta-nga-m-ji-wa-ba-nda-ri, nane. Kila mstari una nane. Wasome kwa makofi, kofi moja kila mizani. Kisha wapige kofi kila mizani mbili. Kisha nusu ya darasa ipige kwa mizani moja moja, nusu nyingine kwa mbili mbili, wote wakisema maneno yaleyale. Wameshajifunza noti fupi na noti ndefu kabla hujachora alama yoyote ubaoni. Ukichora baadaye, wataona kitu wanachokijua. Wakishazoea, wape shairi la mizani kumi na sita, nane kwa nane, wajue pumzi inavutwa katikati ya mstari. Mwalimu wa Kiswahili atafurahi, na pengine atakurudishia kipindi alichokopa.

Hatua inayofuata ni mapigo sita, kwa sababu ngoma nyingi za pwani, chakacha ikiwemo, zinayacheza. Hesabuni moja hadi sita kwa mfululizo. Kundi la kwanza lipige makofi kwenye moja na nne. Kundi la pili lipige kwenye moja, tatu na tano. Mara ya kwanza darasa litavurugika na kucheka. Punguza mwendo, wapige magoti badala ya makofi, endelea. Siku watakapoweza, waambie wabadilishane bila kusimama. Zoezi hili halihitaji senti moja.

Solfa na mwalimu Sontonga

Kwaya nyingi za Tanzania zinasoma solfa: d r m f s l t d. Ni mfumo uliotengenezwa Uingereza katika karne ya 19 na kuenezwa na John Curwen, na umedumu kwetu kwa sababu unaandikika kwa chaki ya kawaida na unapigwa chapa kwa kompyuta yoyote. Fundisha noti tatu kwanza: so, mi, la. Watoto huziimba tayari wanapotaniana na kuitana uwanjani. Kisha ongeza do na re, mkiwa na noti tano mnaweza kuimba nyimbo nyingi za michezo. Fa na ti zije baadaye. Tumia mkono: ngumi kiunoni ni do, na mkono upande kwa kila noti hadi do ya juu usawa wa kichwa.

Hapa pana habari inayofaa kusimuliwa mstarini. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu katika shule ya misheni karibu na Johannesburg, na aliongoza kwaya ya wanafunzi. Mwaka 1897 alitunga wimbo wa kuwaimbisha wanafunzi wake, akauandika kwa solfa. Alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana. Mahadhi yale ndiyo yanayobeba Mungu Ibariki Afrika, wimbo wetu wa taifa tangu 1961. Zambia inaimba kwa mahadhi hayohayo, na Afrika Kusini imeyaweka ndani ya wimbo wake. Kila asubuhi bendera inapopanda, wanafunzi wako wanaimba kazi ya mwalimu wa muziki wa shule. Ukichoka, kumbuka mwenzako huyo, kisha hakikisha wimbo wake unaanzwa kwenye noti sahihi.

Vyombo vya bei ndogo

Anza na vifuu vya nazi, ambavyo kila jiko la Tanga linatupa. Safisha, piga msasa pembeni, vigonge viwili viwili. Kopo lenye kokoto au mbegu hufanya manyanga. Ndoo ya plastiki ikigeuzwa hutoa sauti mbili, katikati nzito na ukingoni nyembamba. Kayamba huhitaji matete, mbegu na kamba, na mkonge kwa kufungia haujawahi kuadimika mkoani Tanga.

Chombo cha kujivunia ni sanduku, besi ya kidumbak ya Zanzibar. Geuza sanduku la mbao, toboa katikati, pitisha uzi mnene, funga mwisho wake kwenye ufito unaosimama pembeni. Ukivuta ufito uzi unakaza na sauti inapanda, ukilegeza inashuka. Kwa uzi tumia mshipi mnene wa wavuvi, unatoa sauti safi kuliko kamba. Mwombe fundi seremala wa mtaani mabaki ya mbao, na mwite siku ya kwanza ya kulipiga aje asikie.

Ngoma na dufu za ngozi ziazimwe kwa wenyewe, kwa heshima na kwa tarehe ya kurudisha. Hewa ya pwani hulegeza ngozi, hasa wakati wa masika. Ziweke juani kwa muda au karibu na moto mdogo kabla ya kupiga, na asikae mtoto juu yake.

Usikusanye fedha kwa wanafunzi. Elimu bila ada inaendelea tangu 2016, na mchango unaoanzia darasani utakuletea barua. Jambo lolote la fedha lipite kwa kamati ya shule, kwa maandishi.

Wazazi, dini na uchaguzi wa nyimbo

Mzazi atakuja. Pengine atasema, "Mwalimu, mwanangu nimemleta kusoma, sikumleta kupiga ngoma." Mpokee kwa salamu kamili, mpe kiti, umuulize habari za nyumbani kabla ya neno lolote la muziki. Kisha mwonyeshe daftari na azimio la kazi. "Mama Zuhura, tazama, hapa anagawa silabi, hapa anahesabu mapigo, hapa anaghani shairi la kitabu cha Kiswahili." Mara nyingi pingamizi ni dhidi ya kitu alichokifikiria, na akiona kinachofundishwa hulegea. Akiendelea kukataa kwa sababu ya imani yake, mpe mtoto kazi ya kughani mashairi, kuandika maneno ya nyimbo, au kutunza daftari. Usimfanye mtoto kuwa uwanja wa vita kati yako na mzazi.

Nyimbo za darasani zisiwe za ibada ya upande mmoja. Mtoto wa madrasa na wa kwaya waimbe pamoja kuhusu bahari, usafi, mvua, kazi, nchi, na michezo. Ujuzi wa kasida na wa kwaya utumike kwa namna yake: anayejua kupokezana kwa dufu awafundishe wenzake mpangilio wa kupokezana, anayejua sauti ya pili awaonyeshe namna ya kuishika bila kuvutwa na ya kwanza. Mwezi wa Ramadhani punguza kuimba kwa sauti, watoto wengi wana kiu. Ndio wakati wa kusikiliza, kutunga mashairi, kuandika solfa na kutengeneza manyanga.

Katika ngoma, chagua zinazofaa umri. Mdumange ina mafunzo tele ya hatua na mpangilio. Baikoko, pamoja na umaarufu wake hapa Tanga, iachwe kwa watu wazima. Ukimwalika mzee wa kufundisha ngoma, mweleze mapema jinsi watoto watakavyovaa na wapi watacheza, na mpe nafasi ya kueleza ngoma inachezwa lini na kwa nini. Watoto wataizingatia zaidi wakijua maana yake.

Mgeni rasmi na mashindano

Ombi la ghafla halitakoma: kesho kutwa mkuu wa wilaya anakuja, tunaomba wimbo. Jibu lake ni hazina. Weka tayari nyimbo nne muda wote: moja ya kukaribisha, moja ya mazingira au afya, moja ya kuaga kwa ajili ya mahafali, na ngonjera moja inayoweza kubadilishwa majina. Kila mwezi ziimbwe mara moja ili zisisahaulike. Ukiombwa, badilisha ubeti mmoja tu. Hutavunja ratiba, na watoto hawataimba kitu wasichokijua.

Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na ya UMISSETA kwa sekondari huwapa watoto jukwaa la kwaya na ngoma. Shiriki, lakini usifanye somo zima kuwa timu ya watoto ishirini huku sitini wakitazama. Kikundi cha mashindano kifanye mazoezi kwa saa yake, kipindi cha darasa kibaki cha wote. Tuzo ikija, mtaipanga ofisini. Isipokuja, watoto themanini bado wanajua kuimba.

Wewe mwenyewe

Sauti ndiyo zana yako kuu, na joto la Tanga halina huruma nayo. Kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi. Usishindane na darasa kwa kupaza sauti, tumia ishara. Ukipata sauti ya kukwaruza kwa wiki mbili, nenda hospitali, usiendelee kunywa tangawizi na kusubiri.

Jifunze kitu kimoja kila muhula. Kama husomi solfa, mwombe mwongoza kwaya wa kanisa lililo jirani akufundishe kwa wiki chache. Kama hujui dufu, mwone ustadhi. Walimu wa muziki Tanga wako kila mtaa, ingawa wachache wana cheti. Ukitaka cheti, TaSUBa iko Bagamoyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa, Tumaini Makumira huko Usa River inatoa shahada ya muziki, na Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar imekuwa ikifundisha udi, kanuni na ngoma tangu 2002. Nauli ya boti au ya basi kwa mafunzo mafupi wakati wa likizo haipotei.

Moyo utapungua, kwa sababu muziki wa shule hauna mtihani wa taifa wa darasa la saba wa kukupandisha cheo. Weka vipimo vyako mwenyewe, vidogo na vya kuonekana. Mwezi wa kwanza: darasa linaanza na kumaliza pamoja. Mwezi wa pili: yule aliyekuwa ananguruma ameshika noti tatu. Mwezi wa tatu: wanafunzi wanaongoza mazoezi nawe umekaa nyuma. Andika tarehe kila kipimo kinapofikiwa.

Acha kitu nyuma

Tanga ina msemo wake, waja leo waondoka leo, na walimu nao huhamishwa. Somo lililomtegemea mtu mmoja linaondoka naye kwenye basi moja. Kwa hiyo daftari lako liwe la shule: maneno ya kila wimbo, solfa yake, noti ya kuanzia, majina ya waongozaji wa kila darasa, orodha ya vyombo na wenye vyombo vya kuazima, ratiba ya mwaka. Rekodi nyimbo kwa simu na uziweke kwenye kompyuta ya shule pia. Chagua viranja wawili wa muziki kutoka darasa la tano au la sita, ili wabaki shuleni mwaka unaofuata, na mmoja wao awe msichana. Mwalimu kijana aliyekuja mafunzoni mwalike aongoze kipindi kimoja, kisha kingine.

Jumatatu anza na mambo matatu. Nenda kwa mwalimu wa taaluma na azimio lako. Ongea na mwenzako wa dirisha la jirani. Fungua ukurasa wa kwanza wa daftari na uulize yale maswali matatu. Kipindi kikifika ingia darasani, hata kama umewapata nusu, hata kama kuna kikao cha walimu saa moja baadaye. Wakishajua unakuja kila wiki, watakuwa wamekaa wanakusubiri.